Kiatu cha mkimbiaji si cha mnyanyua vyuma

Katika orodha ya mahitaji ambayo mzazi hukabidhiwa mtoto wake anapojiunga na shule ya upili, baina ya godoro na sanduku la bati, aghalabu huwapo mstari mfupi usemao: raba, jozi moja. Mzazi hununua, mtoto huvaa, na tangu siku hiyo jozi hiyo hutakiwa itende kila kazi. Hukimbiliwa, huchezewa mpira wa wavu, hufyekewa nyasi siku ya Jumamosi, na sasa, kwa kuwa vyuo vingi na shule kadhaa zimefungua vyumba vya mazoezi, hunyanyuliwa vyuma pia. Kazi zile nyingine sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hii ya mwisho.

Hoja yangu ni nyepesi kuisema, ingawa naona ni nzito kuwakubalisha watu. Kiatu ambacho vijana wetu wengi huingia nacho katika chumba cha vyuma, yaani kile chenye soli nene ya sponji kilichoundwa kwa ajili ya mbio, ndicho kisichofaa kabisa kwa shughuli hiyo. Tena kanuni zilizobandikwa milangoni humlazimisha kijana akivae. Katika chuo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, nimewaona wanafunzi wakirudishwa mlangoni kwa kuwa wamevaa viatu vya ngozi vyenye soli bapa, ilhali wenzao waliovaa raba za sponji, zilizolegea na kuinamia upande mmoja kwa uchakavu, wakikaribishwa ndani. Sheria ilisema "viatu vya michezo", na msimamizi, maskini, aliitii kama ilivyoandikwa.

Na hapa msomaji aniwie radhi, kwani sina budi kupitia kwanza katika uwanja wangu wa lugha kabla ya kufika kwenye uwanja wa vyuma. Naamini kosa hili lilianzia katika maneno.

Kiswahili si maskini wa majina ya viatu. Mswahili wa pwani ana makubadhi ya ngozi, ana ndara, ana sapatu ambazo jina lake tulilipata kwa Wareno, na ana mtalawanda, kiatu cha mbao ambacho mlio wake humtangulia mwenyewe ukumbini. Bara tuna akala zilizokatwa kutoka kwa tairi kuukuu la gari, tuna buti, na tuna njumu za mchezaji kandanda. Kila jina kati ya haya hubeba ndani yake kazi, umbo na hata mahali. Hakuna mtu anayetumwa kuleta njumu akarudi na sapatu. Lakini tulipofikiwa na aina kwa aina za viatu vya michezo, kila kimoja kikiwa kimebuniwa kwa shughuli yake, tulivitia vyote katika ghala moja liitwalo raba. Jina hilo halitaji kazi ya kiatu wala umbo lake, bali mpira uliotengenezewa soli. Na hata hilo limekwisha kuwa uongo kwa vingi kati ya viatu hivyo, kwa maana soli zake siku hizi ni sponji zaidi kuliko mpira.

"Viatu vya michezo" nayo ni ibara isiyosaidia. A-unganifu huziambatanisha nomino mbili pasipo kueleza uhusiano wao ni upi, na wingi wa "michezo" huzidi kulifunika jambo, kana kwamba michezo yote ni mmoja. Ilhali lugha yetu imetupa chombo bora zaidi, nacho ni kauli ya kutendea. Twasema kisu cha kukatia nyama, kalamu ya kuandikia, sufuria ya kupikia wali. Mwanafunzi wa kidato cha pili hulifanya zoezi hilo darasani na kupata alama zote. Basi kwa nini tusiseme viatu vya kukimbilia, viatu vya kuchezea kandanda, viatu vya kunyanyulia vyuma? Akishazoea kuvitenganisha kwa ulimi, mwanafunzi atavitenganisha na kwa macho afikapo sokoni.

(Nimeshika "kunyanyua vyuma" kwa makusudi. Wapo waandikao "unyanyuaji uzani", na hao siwapingi. Lakini wapo pia wasemao "kunyanyua mizani", na hilo naliogopa, kwa kuwa mwanafunzi wetu wa ushairi anajua mizani ni silabi za mshororo. Asije akadhani bingwa wa Olimpiki hushindana kwa kubeba tarbia.)

Sasa tutazame hicho kiatu cha kukimbilia ambacho kimetutawala. Haishangazi kwamba kimetutawala. Kenya ni nchi ya wakimbiaji, na mashujaa wetu wa michezo tunawajua kwa miguu yao. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 mjini Vienna mwezi Oktoba mwaka 2019 kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, viatu vyake vilizungumzwa karibu sawa na mapafu yake. Mwaka uliofuata shirikisho la riadha duniani, World Athletics, liliweka mpaka kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40. Hebu msomaji achukue rula ya mtoto aitazame sentimita nne. Huo ndio unene unaoruhusiwa kati ya wayo wa mkimbiaji na lami.

Mkimbiaji ana haki ya kuitaka sponji hiyo. Yeye hutua kwa mguu mmoja baada ya mwingine, maelfu kwa maelfu ya mara, na kila anapotua ardhi humjibu kwa kishindo kinachoupita uzito wa mwili wake mara mbili na zaidi. Sponji hubonyea, hupunguza ukali wa kishindo, kisha hufumka na kumrudishia sehemu ya nguvu aliyoitoa. Ni ufundi mkubwa, na anayeudharau hajapata kukimbia umbali mrefu.

Lakini mnyanyua vyuma haendi popote. Miguu yake yote miwili i chini, wala uzito haumjii kwa vishindo elfu, bali humkalia. Anachokitaka ni ardhi isiyosogea. Anapoisukuma ardhi kwa nyayo zake nayo humsukuma juu kwa nguvu iyo hiyo; ndiyo kanuni ya tatu ya Newton ambayo wanafunzi wa fizikia wameikariri. Akiweka sponji katikati, sehemu ya msukumo wake itaishia katika kuibonyeza sponji. Hasara hiyo ya nguvu, hata hivyo, mimi naiona ndogo. Kubwa ni kuwa sponji haibonyei sawasawa. Hubonyea zaidi pale ulipoelemea uzito. Kisigino kikiinamia ndani kwa milimita chache, kifundo cha mguu hukifuata, goti hukifuata kifundo, nyonga hulifuata goti, na mtaimbo ulioko mabegani, mita moja na zaidi kutoka chini, huyumba kwa kiasi kilicho kikubwa kuliko ule mwinamo mdogo wa sakafuni. Mwashi yeyote atakueleza jinsi ukuta unavyoyakuza makosa ya msingi. Tofauti ni kuwa ukuta hauna pingili za mgongo.

Anayetaka kuthibitisha na afanye jaribio lisilogharimu kitu. Ajaze maji mtungi wa lita 20, aukumbatie kifuani, asimame juu ya godoro la bweni, achuchumae na kuinuka mara tano. Kisha ashuke, asimame sakafuni, arudie. Uzito ni ule ule, kilo 20 za maji na mtungi wake, lakini mtu atakuwa si yule yule. Mahamali wa masoko yetu, wale wanaobeba gunia la mahindi la kilo 90 mgongoni, wanalijua jambo hili pasipo kulisomea. Utawaona na akala, na buti kuukuu, au miguu mitupu. Mimi sijapata kumwona mmoja wao akipanda ubao wa lori kwa soli ya sponji ya sentimita nne.

Kiatu halisi cha kunyanyulia vyuma kikoje basi? Kwanza soli yake ni ngumu, haibonyei kwa uzito wowote ambao binadamu aweza kuubeba. Pili, kisigino chake kimeinuliwa kuliko vidole, aghalabu kwa kiasi cha sentimita 2. Tatu, juu ya kamba zake hupita ukanda mpana, mmoja au miwili, unaoufunga mguu usiteleze ndani ya kiatu. Kisigino hicho kwa miaka mingi kilitengenezwa kwa mbao, au kwa tabaka za ngozi zilizoshindiliwa; siku hizi vingi ni vya plastiki ngumu. Mbao, ndugu msomaji! Kumbe yule bibi wa pwani aliyetembea uani na mtalawanda wake alikuwa jirani wa mnyanyua vyuma wa Olimpiki kuliko alivyo kijana wetu mwenye raba za sponji.

Kuinuliwa kwa kisigino kuna historia yake, nayo yafaa ijulikane, kwa kuwa inaeleza ni nani anayekihitaji na ni nani asiyekihitaji. Kunyanyua vyuma kulikuwapo katika michezo ya kwanza ya Olimpiki ya siku hizi, kule Athens mwaka 1896. Kwa miongo mingi baadaye wanaume walishindana kwa minyanyuo mitatu, na mmoja wao ulikuwa wa kusukuma chuma toka mabegani hadi juu ya kichwa mtu akiwa amesimama wima. Mnyanyuo huo uliondolewa baada ya michezo ya Munich ya mwaka 1972. Waamuzi walishindwa kukubaliana ni lipi halali na lipi haramu, na wanyanyuaji walikuwa wakijipinda migongo kwa nyuma hata mtazamaji akahofu. Ikabaki miwili: ule wa kukinyakua chuma toka sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na ule wa hatua mbili, ambao chuma hupumzishwa kwanza mabegani. Wanawake wa Olimpiki waliingia katika mashindano hayo mwaka 2000 mjini Sydney.

Katika minyanyuo hiyo miwili, mnyanyuaji wa leo hakingoji chuma kifike juu. Hujitupa chini yake na kukipokea akiwa amechuchumaa, mapaja yakikaribia kugusa ndama za miguu. Ili mtu achuchumae hivyo huku kifua kikiwa wima, lazima magoti yasonge mbele ya vidole na visigino visalie chini. Si vifundo vyote vinavyokubali. Kisigino kilichoinuliwa hukipa kifundo nafasi ya ziada, kiwiliwili kikabaki wima badala ya kulalia mbele. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, mtu asiyefika hata mita moja na nusu kwa kimo, aliinua kilo 190 kwa hatua mbili kule Seoul mwaka 1988, akishindana katika kundi la wasiozidi kilo 60. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Mzigo wa namna hiyo haupokelewi juu ya sponji.

Je, kila mwanafunzi anahitaji kisigino kama hicho? Hapana. Na kipo kipimo rahisi ambacho mwalimu wa michezo aweza kukifanya na darasa zima kwa nusu saa. Mwanafunzi avue viatu, asimame akiutazama ukuta, aweke kidole gumba cha mguu mmoja kiasi cha sentimita 10 kutoka ukutani, kisha alisogeze goti la mguu huo mbele mpaka liguse ukuta, kisigino kisiinuke. Likigusa bila taabu, kifundo chake kina nafasi ya kutosha, na soli bapa iliyo ngumu itamfaa. Likikataa, kisigino kirefu kitamsaidia anapochuchumaa na chuma, ingawa asikifanye hirizi. Vifundo hulainika kwa mazoezi ya kila siku, na mazoezi hayo hayauzwi dukani.

Tena kuna mnyanyuo ambao kisigino kirefu huwa mzigo juu ya mzigo. Anayekivuta chuma toka sakafuni hadi usawa wa mapaja, akasimama nacho mikononi, kila sentimita anayojiinulia kwa kiatu ni sentimita ya ziada ya kukivuta chuma. Na kisigino kirefu humsukumia uzito vidoleni wakati anapoutaka nyuma. Ndiyo sababu mabingwa wa mnyanyuo huo huvaa soli nyembamba kama karatasi, karibu sawa na sapatu. Wengine huvaa kile kiatu cha turubai cha Converse kilichobuniwa Marekani mwaka 1917 kwa mpira wa kikapu. Wachezaji wakubwa wa mpira huo walikiacha zamani, lakini vyumba vya vyuma vilikipokea kwa sababu soli yake ni ya mpira, bapa na haina makeke. Arnold Schwarzenegger alipigwa picha nyingi akifanya mazoezi miguu mitupu, naye hakuwa mtu wa kukosa pesa za kiatu. Na kwa alalaye chali kwenye benchi akisukuma chuma, habari ya kisigino huwa ndogo zaidi. Hellen Wawira, aliyeiletea Kenya medali ya shaba katika mashindano ya wenye ulemavu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022, alishindana miguu yake ikiwa imenyooka juu ya benchi.

Basi twende sokoni. Viatu halisi vya kunyanyulia vyuma havipatikani kwa urahisi humu nchini, na bei yake ng'ambo mara nyingi hupita dola 100. Sitamshauri mzazi yeyote ambaye karo imemlemea auze mbuzi kwa ajili ya kiatu hicho. Mwanafunzi anayeanza hahitaji. Anachohitaji ni kujua kukataa kile kisichofaa, na kuchagua kati ya vile vilivyopo.

Gikomba na Kongowea, penye marundo ya mitumba, viatu huvutia kwa rangi na kwa alama zilizo ubavuni. Nyumba njema si mlango. Mnunuzi atie kidole gumba ndani ya kiatu, pale panapokaa kisigino, abonyeze kwa nguvu. Kikizama kama kwenye mkate, akirudishe. Akiweke juu ya meza akitazame kwa nyuma, aone kama kisigino kimesimama wima au kimelala upande, kwa kuwa kiatu cha mtumba kimekwisha kuzoea mwendo wa mtu mwingine. Akiviringe kama anayekamua nguo. Kikijinyonga chote mpaka kisigino, hakifai. Aitazame gundi baina ya soli na ngozi. Na asisahau sakafu ya chumba chao cha mazoezi: ikiwa ni saruji iliyosuguliwa na yenye vumbi, soli ya ngozi tupu itateleza, ataka mpira chini.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wetu hulifanya kwa nia njema kabisa. Hununua kiatu kilichozidi saizi moja au mbili ili mtoto akue ndani yake. Kwa sweta hakuna neno. Kwa kiatu cha kunyanyulia vyuma ni hatari, maana mguu huteleza ndani kabla kiatu hakijateleza nje. Mithili ya hayo ni ile fasheni ya vijana ya kukanyaga nyuma ya kiatu kikawa sapatu, au kuacha kamba zikining'inia. Mwalimu akimwona kijana amesimama hivyo chini ya mtaimbo, na amwondoe pale pale, awe nani awe nani.

Kwa maoni yangu, kiatu cha kumfaa anayeanza ni zile raba za turubai zenye soli bapa ya mpira, jamii ya Ngoma ambazo Bata waliwavisha wanafunzi wa nchi hii kwa miaka mingi. Vijana huzicheka, huziita za kizamani. Wacha wazicheke uwanjani, wazivae chumbani mwa vyuma. Kiatu cheusi cha shule chenye soli ngumu ya mpira si kibaya kwa kuchuchumaa, ingawa kitachakaa mapema. Njumu hapana, kwa kuwa vichuma vyake humsimamisha mtu juu ya ncha. Akala je? Tairi halibonyei, na kwa ugumu wa soli akala yapita raba nyingi za bei kubwa, lakini haina cha kukishika kisigino. Yamfaa hamali anayekwenda mbele polepole, haimfai anayeruka na kutua chini ya chuma. Na yule ambaye kipimo cha ukutani kilimkataa aweza kwenda kwa fundi viatu, akaomba kisigino cha raba yake ya turubai kiongezwe kipande cha ngozi ngumu au cha tairi, kilicho sawa na upana wote wa kisigino, kilichogundishwa na kushonwa, viatu vyote viwili viwe na kimo kimoja. Hilo ni bora kuliko ile desturi niionayo ya kukanyagia visahani vya chuma chini ya visigino, ambavyo husogea mtu akiwa katikati ya kuinuka.

Najua nitajibiwa kuwa kanuni ya "viatu vya michezo" iliwekwa kwa usalama, ili sahani ya chuma isimwangukie mtu vidoleni. Nia hiyo naiheshimu. Lakini sahani ya kilo 20 iangukapo kwenye kidole haiulizi kama kimefunikwa kwa turubai, kwa sponji au kwa hewa. Vidole hulindwa na vibano vinavyozishika sahani mtaimboni, na nafasi baina ya mtu na mtu, na jicho la msimamizi. Wala sidai kuwa kiatu kizuri kitamwokoa kijana aliyejitwika kilo asizozimudu ili rafiki zake wamwone. Huyo huumia na kiatu cha dhahabu. Nasema tu kwamba maadamu tumejitwalia mamlaka ya kuamrisha kiatu, basi tuamrishe kile kinachofaa.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Mtaala wa Umilisi umeipa michezo nafasi yake katika sekondari ya juu, katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Walimu wataandika orodha mpya za vifaa, wakuu wa shule watazitia sahihi, na wazazi watatoa pesa. Neno moja lisilo na mipaka katika orodha hiyo litamgharimu mzazi mara mbili: mara ya kwanza anaponunua kiatu cha sponji ambacho hakikuhitajika, na mara ya pili dawa ya goti. Walimu wa Kiswahili nao wasijitenge wakidhani haya ni ya walimu wa michezo peke yao. Wao ndio wanaoweza kumpa mwanafunzi maneno ya kusemea anachokifanya. Mara nyingi nimewasikia vijana wakielezana mnyanyuo kwa Kiingereza kilichokatika huku wanajua kuchuchumaa, kuinuka, kunyakua, kusukuma na kupokea tangu utotoni.

Kwa wasimamizi wa vyumba vya mazoezi napendekeza ile karatasi ya mlangoni ibanduliwe, na badala yake iandikwe hivi: Hairuhusiwi kunyanyua vyuma kwa viatu vya kukimbilia. Vaa soli ngumu, bapa, isiyoteleza, iliyofungwa barabara. Asiye nayo avue, anyanyue miguu mitupu mbele ya msimamizi, kwa uzito aliopangiwa. Na katika orodha ya mahitaji ya shule, pale palipoandikwa "raba, jozi moja", iandikwe "raba za turubai zenye soli bapa, saizi ya mguu wa sasa, jozi moja". Viatu vya kukimbilia vihitajiwe kwa watakaokimbia tu, na kwao shule ieleze umbali watakaokimbia, ili muuzaji naye ajue anauza nini.